Mtarakwa Wangu Umetukanwa kwa Ajili ya Pweza

Kwa Mwalimu Rimberia wa sayansi,

Habari ya kazi, mwalimu. Mimi sikuenda shule, kwa hivyo maneno ni yangu na kalamu ni ya jirani yangu Luul. Nimemwambia asilainishe chochote.

Ulimtuma mjukuu wangu Kinanu alinganishe mti wa milimani na mnyama wa baharini. Akachukua mtarakwa na pweza, akampa pweza ushindi. Wewe ukampa alama zote, na kwa alama hizo amechaguliwa kwenda Mombasa wiki nzima kuona bahari. Naomba kwa heshima umpunguzie, abaki nyumbani. Sababu ni hizi:

1. Nyumba anayolala Kinanu imesimama kwa nguzo za mtarakwa. Babu yake alizitoa Meru, akazichoma miguu kwa moto kabla ya kuzichimbia. Mchwa wa Isiolo wamekula hata benchi la kanisa, lakini hizo zimewashinda. Wewe jenga nyumba ya pweza tuone.

2. Ati pweza ana mioyo mitatu na mti hauna hata mmoja. Sasa mwenye mioyo mitatu, atakupenda kwa upi?

3. Pweza akiona shida hubadilisha rangi, humwaga wino, hutoroka. Watu wa hivyo tunao wa kutosha kila uchaguzi. Mtarakwa haujawahi kuhama chama.

4. Mikono minane, na hakuna mahali Kinanu ameandika kwamba inaosha sufuria. Yeye ana miwili tu na anaosha zangu zote.

5. Hii ndiyo iliniuma. Ati mama pweza hulinda mayai yake bila kula, yakianguliwa anakufa. Huo ni ulezi? Mimi nimemlea Kinanu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na nimekula kila siku, ndiyo maana bado niko!

Kama alama hazipunguziki, basi toeni bahari kwenye masomo. Hata mto wetu hukauka. Bahari ya nini?

Salimia mke wako Makandi, walimu wote, mpishi wa shule, na yule mlinzi anayelala getini.

Ni mimi, mwenye moyo mmoja,
Nyanya yake Kinanu
(nimeweka kidole gumba)

Nyongeza: Luul amenisomea barua yote, tumecheka mpaka chai ikamwagika. Mwalimu, usiguse hata alama moja. Sweta yake nimeshamaliza kufuma. Najua huko ni joto, ataivaa tu. Na akimwona huyo pweza, amwombe aniazime moyo mmoja. Siku gari likiondoka na Kinanu, huu wangu hautatosha.