Hotuba ya Kugusa Moyo

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kahamia kwa dada yake! Kisa? Eti miaka yote ya ndoa sijawahi kumwambia neno la kugusa moyo. Hata moja! Kanitolea mfano mwanyumba wangu, mume wa huyo dada, ambaye akisimama harusini hata wapishi wanafuta machozi. Yule! Haya. Nitaandika hotuba itakayowaliza mpaka majirani. Lazima arudi. Nyumba imepooza, chai yenyewe hainyweki.

Jumanne, 5 Machi

Leo kibandani sikushona kiatu hata kimoja. Niliandika! "Kugusa moyo" nimelitia kila sentensi, asije akalikosa. Nikamsomea mama mmoja mteja. Akasema kinachogusa moyo hakijitangazi, kisha akauliza soli zake ziko wapi. Watu wana wivu.

Jumatano, 6 Machi

Leo ndiyo leo! Nikasimama sebuleni kwa mwanyumba, nikatangaza kwamba sasa yanakuja maneno ya kugusa moyo, wenye machozi ya karibu wajiandae. Nilipofika "wewe ni soli ya maisha yangu", mwanyumba akacheka mpaka akamwaga chai. Shemeji akakimbilia jikoni, mabega yakimtetemeka. Mke wangu akaniambia nirudi nyumbani.

Sikuwa na pa kuuweka uso. Kutoka nje, machozi yakanilenga. Mlangoni nikaona viatu vya mke wangu: mkanda umekatika, kaufunga kwa kitambaa. Anatembeaje hivi? Nikakaa kizingitini, nikatoa sindano, nikashona. Nikatia na ngozi laini pale panapomchubua kidole gumba. Nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa, 8 Machi

Amerudi! Amerudi! Kaingia na mkoba wake, macho mekundu. Akasema tangu azaliwe hajafanyiwa jambo la kumgusa moyo kiasi hiki. Nikamuuliza jambo gani, akanyoosha mguu, akanionyesha kiatu.

Maskini, anaona haya kukiri. Kiatu! Mtu analia kwa sababu ya kiatu? Ni hotuba ile, ilichelewa tu kufanya kazi, kama dawa ya minyoo. Ninavyofurahi, hata mwanyumba ningembusu. Kesho nabandika kibao kibandani: Hotuba za Kugusa Moyo, kwa Waume Waliokimbiwa.

Nimemwambia mke wangu aketi nimsomee tena, yote, pamoja na kurasa tatu nilizoongeza. Sasa mbona anaurudisha mkoba mlangoni?