Muhuri wa Kandambili

Jumanne, 3 Machi 1992
Balaa! Madamu Mumbi, afisa wa afya, amepita sokoni Manyatta akitangaza kwamba ndoo za plastiki zilizowahi kutiwa rangi au dawa ya mifugo zisitiwe chakula. Eti sumu hunywewa na plastiki, haitoki hata uoshe vipi. Na chumba changu kimejaa ndoo hizo za kuuza! Nimezisugua kwa mchanga hadi vidole vimechubuka. Mwanamke hana huruma. Lakini mimi Dishon si mjinga.

Jumatano, 4 Machi
Nimechonga muhuri kwa soli ya kandambili: NI SALAMA. Wino nimeomba kwa karani wa kanisa. Nilimwambia ni kwa kazi ya Bwana. Ndoo zinakwenda kama mandazi! Bildad, muuza sufuria jirani, aliuliza nani amezipima. Nikamjibu wivu utamkausha. Mama mmoja mcheshi wa Awasi, anayetarajia wageni, alichagua ile kubwa ya dawa ya kupe. Ilikuwa bado inanuka kidogo, kwa hiyo nikaipiga muhuri mara mbili.

Jumamosi, 7 Machi
Siku ya kujitambulisha kwa kina Adero, mchumba wangu, huko Awasi. Mjomba wangu Gordon ndiye msemaji wetu. Mama mkwe sijawahi kumwona. Kwa adabu zetu alikaa jikoni. Uji wa wimbi ukaletwa ndani ya ndoo. Kubwa. Mihuri miwili! Kukataa chakula cha ukweni ni kutukana boma. Kunywa ni kujizika. Mjomba akainua kikombe. Nikapiga kelele asinywe, ndoo ilikuwa ya dawa ya kupe! Baba Adero akauliza nimejuaje. Kabla sijabuni jibu, sauti niliyoijua ikatoka jikoni: ndiye huyo, ndiye aliyeniapia sokoni kwamba ndoo ni safi! Uji ukamwagwa. Mbwa akaunusa, akaenda zake. Adero hakunitazama. Niliumia, jamani. Mjomba alishuka kwake Ahero bila kuniaga.

Jumatatu, 9 Machi
Habari zimemfikia Madamu Mumbi, naye amechukua muhuri. Bildad anacheka mpaka anakohoa. Adero ametuma neno kupitia kwa Lornah, dada yake: nisimkaribie kabla ya kuzirudisha ndoo zote kwangu. Nampenda. Nitazirudisha.

Alhamisi, 12 Machi
Nimezikusanya zote! Adero amekubali kunisikiliza Jumapili. Ila kutupa mali ni dhambi. Nimekata kandambili ya pili: IMEPIMWA UPYA. Kesho nazipeleka Ahero. Huko hanijui mtu isipokuwa mjomba, naye hatusemezani.