Goti Lisilouma

Jumatatu, 3 Machi
Promota kapiga simu asubuhi. Pambano ni Jumamosi. Nikipigwa hili, litakuwa la tatu mfululizo, na jina langu analifuta. Basi tena. Nitakwenda kubeba vigae kwenye ghala la shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tayari kanishonea ovaroli. Ina jina langu kifuani! Miaka kumi na moja ya ngumi, mateke na mieleka, niishie kwenye vigae?

Rekodi yangu: nimeshinda manne, nimepoteza tisa, sare moja. (Umeme ulikatika.)

Mpinzani ni fundi saa. Mchana anatengeneza saa za watu, jioni anawapiga mateke ya miguuni. Hapo ndipo penye shida. Goti langu la kulia ni bovu tangu mwaka juzi. Akiligusa, nimekwisha.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata wazo! Nitafunga bendeji goti la kushoto, lile zima. Fundi Saa ataliandama hilohilo, la kulia litapumzika. Nimejishangaa. Akili yote hii ilikuwa wapi siku zote?

Nilipomweleza kocha, alichukua ufagio akaanza kufagia ukumbi. Mke wangu kasema nitibu goti bovu, mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemjibu goti si maradhi.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi ya kuchechemea. Kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Mguu wa kulia unachechemea wenyewe, wa kushoto nauchechemeza mimi, matokeo yake natembea kama bata. Mke wangu kacheka mpaka kamwaga chai. Simlaumu. Mikakati haijui.

Ijumaa, 7 Machi
Kupima uzito. Nimepanda mizani naguna, bendeji nyeupe pee. Daktari wa pambano kalikunja goti, kalikunjua, kaninong'oneza kwamba mwaka huu hajaona goti zuri kama hili. Nikaguna zaidi. Fundi Saa alisimama pembeni, macho yote kwenye bendeji. Akanipa pole. Kanasa!

Jumapili, 9 Machi
Naandika nimelala chali, barafu gotini. La kulia.

Jana kengele ilipolia nilitanguliza mguu wa kushoto, kama chambo. Hakuugusa. Nikausogeza karibu zaidi. Akaukwepa! Teke la kwanza, goti la kulia. La pili, palepale. La tatu sikulisubiri, niligonga mkeka nikaomba poo. Dakika moja na sekunde nane. Kocha kasema mtangazaji alitumia muda mrefu zaidi kututambulisha.

Promota hapokei simu. Shemeji kaleta ovaroli. Imenikaa vizuri sana, na hilo limeniuma kuliko goti.

Jumatano, 12 Machi
Fundi Saa kaja nyumbani na machungwa. Kumbe! Kasema yeye hampigi mtu penye kidonda, mama yake hakumlea hivyo. Aliona bendeji, akaamua kupiga lile goti zima. Hata hivyo halali vizuri. Anaona kamshinda nusu mtu. Kamwomba promota turudiane baada ya miezi mitatu, goti langu likishapona, na promota kakubali.

Mke wangu aliingia jikoni ghafla. Nilimsikia akicheka ndani ya taulo. Mimi niliona aibu, aibu ya kweli. Yule ni mtu mwema. Nikataka kumwambia yote. Nikafungua mdomo, nikala chungwa.

Alhamisi, 13 Machi
Ovaroli nimeirudisha kwa shemeji, na shukrani zangu. Kocha kasema nina miezi mitatu: nitibu goti la kulia, nifanye mazoezi, basi. Kocha wangu haoni mbali. Mpinzani hapigi penye bendeji! Kasema mwenyewe, sebuleni kwangu!

Nimenunua mita kumi na mbili. Magoti yote mawili, mapaja, mbavu, viwiko, shingo. Mke wangu kauliza, sasa huyo mtu atapiga wapi? Nimemhesabia kiungo kwa kiungo. Imebaki pua tu. Nayo imeshavunjika mara mbili, imezoea.