Pingamizi Dhidi ya Baiskeli Iliyopunguza Kilomita Zetu Kumi

Jumatano, asubuhi

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Mbio za Barabarani.

KUHUSU: KUPUNGUZWA KWA KILOMITA BILA RIDHAA YA WALIOZIKIMBIA

Natumaini barua hii inakukuta mzima na miguu yako haina malalamiko. Yangu haina, malalamiko ni ya moyo.

Mimi ni yule fundi saa wa mkabala na posta, mwanachama wa klabu na, hadi Jumamosi iliyopita, mwenye rekodi ya kilomita kumi. Siku hiyo mlimleta mpimaji ili njia yetu ipate cheti. Alikuja na baiskeli yenye kihesabio kidogo kwenye gurudumu la mbele, akaipima njia kutoka shuleni hadi sokoni, akatangaza kwamba inapungua mita mia tatu na themanini. Kabla ya saa sita jina langu lilikuwa limefutwa kwenye ubao wa klabu kwa kitambaa kibichi.

Hoja zangu ni hizi:

1. Njia ya zamani haikupimwa ovyo. Ilipimwa na mweka hazina wetu kwa pikipiki yake mwenyewe, Jumanne moja, mchana kweupe. Ni kweli kwamba barabara ya sokoni ilikuwa imejaa mikokoteni, ikambidi aizunguke mmoja baada ya mwingine. Ni kweli pia kwamba aliingia kituo cha mafuta kwa lango la kwanza, akajaza, akatokea lango la pili, na mita za humo ndani zikahesabiwa. Lakini pikipiki ilizipita mita hizo. Haikuzibuni.

2. Mpimaji amepita mahali ambapo hakuna binadamu anayepita. Nilimfuata kwa miguu nione atakosea wapi. Alibana ukingo wa barabara na kukata kila kona kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Nilipomuuliza, alijibu kwamba njia hupimwa pale palipo pafupi zaidi panaporuhusiwa kukimbiwa, ili asitokee mtu wa kukimbia pungufu. Sasa sisi tunaokimbia katikati ya barabara, kwa heshima zetu, tuna kosa gani?

3. Kabla ya kazi aliendesha baiskeli mara nne juu ya kipande kilichopimwa kwa utepe wa chuma, na baada ya kazi akarudia yote, eti jua likipanda tairi hutanuka na hesabu hubadilika. Mtu asiyeiamini baiskeli yake ataaminiwaje na klabu nzima? Kisha akaongeza mita moja kwa kila kilomita, akaiita ya tahadhari. Mimi nikimrudishia mteja saa yenye dakika za tahadhari, nitaitiwa polisi.

4. Heshima ya nyumba yangu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza nyama, na ndiye aliyekuwa wa pili kwenye rekodi. Nikienda kununua nyama sasa, anaiweka kwenye mizani na kuuliza mbele ya wateja: "Shemeji, nikupe kilo kamili, au ile kilo yako ya mbio?" Watu wanacheka hadi wanashika ukuta. Mke wangu alicheka pia, kisha akanipoza: "Usinune, baba watoto, tisa na ushee si haba." Nimeacha kula nyama.

5. Afya. Daktari aliniagiza nikimbie kilomita kumi kila wiki kwa ajili ya presha. Kama zilikuwa tisa na ushee, basi miaka yote hii nimekuwa nikimeza dozi pungufu, na uzima nilio nao nimeupata kinyume cha utaratibu. Je, niurudishe?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kwamba siku ya mbio mikokoteni irudishwe barabarani, kila mmoja mahali pake pa Jumanne ile, na wakimbiaji wote wapitie ndani ya kituo cha mafuta. Hilo likishindikana, kamati iiandikie wizara inayohusika na vipimo iifupishe kilomita, angalau ndani ya mtaa wetu.

Nisalimie katibu, mweka hazina na pikipiki yake, dada anayegawa maji pale njia panda, na wazee wote wa klabu wanaokimbia kwa kutembea. Mpimaji naye msalimie, lakini kwa mbali. Umbali ataupima mwenyewe.

Wako katika mwendo usio na cheti,
Fundi Saa

N.B. Jumapili jioni. Nilichelewa kuituma barua hii, na leo tumekimbia njia mpya, iliyosogezwa mstari wa kumalizia kutoka sokoni hadi mbele ya maktaba. Hadi sokoni shemeji alikuwa mbele yangu, tena akipungia watu mkono. Nilimpata ndani ya zile mita mia tatu na themanini, nikampita mbele ya duka la vioo, ambamo nilijiona nikimpita. Tafadhali futa hoja zote tano. Njia imepimwa vizuri mno, na mpimaji ni mtu wa watu. Naituma barua kwa sababu tu stempu nilishaibandika.

Shemeji yupo hapa sebuleni. Ameomba kalamu na karatasi akuandikie kuhusu mita hizo. Nimempa, na bahasha juu. Nakusihi usimsikilize: mtu anayebishana na cheti hajui anachokitaka.