Malalamiko ya Wabeba Zege kwa Dada Aliyezipunguzia Mwendo Nyimbo Zetu

Jumapili, tarehe tisa, mwezi wa tatu. Mwaka wa pili umeisha, wa tatu umeanza, tangu nitoke nyumbani.

Kwako Dada Mwimbaji,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, basi habari za kazi. Mimi ni saidia fundi kwenye jengo la ghorofa, mbali na kwetu. Shule niliiacha njiani, kwa hiyo usinihukumu kwa mwandiko, nihukumu kwa hoja. Nakuandikia kuhusu albamu yako mpya, ile uliyochukua nyimbo za wazee wetu ukaziimba upya kwa hiyo sauti yako nzito ya huzuni. Sauti unayo, hilo sibishi. Lakini umetuumiza, na nitaeleza kwa mpangilio.

1. Mwendo. Hapa kazini zege hupandishwa kwa mikono. Tunajipanga kwenye ngazi, karai linatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine mpaka juu. Hatuhesabu wala hatuitani; tunafuata wimbo. Mwenzetu tunayemwita Bonge ana spika yake, huitundika kwenye nondo, na kila mdundo ni karai moja. Nyimbo zile zilikuwa na mwendo wa mtu anayewahi. Wewe umezipa mwendo wa mtu anayetoka kuzika. Zege halilali, Dada, lakini tangu Bonge aipende albamu yako, letu linasinzia.

2. Kimya. Katika ule wimbo wa nne, kabla ya kiitikio, umenyamaza. Hukutoa taarifa. Siku ya kwanza, aliye chini yangu alirusha kwa mazoea, mimi nikangoja mdundo kwa adabu. Karai likapita katikati yetu, zege likamwagikia kofia ya msimamizi, ambaye alikuwa amekuja kutuuliza kwa nini tunachelewa. Alipomaliza kufuta macho akauliza ni nani. Sote tukanyooshea kidole spika. Akasema, "Huyo naye mwambieni hapa si msibani." Natimiza agizo.

3. Machozi. Tunaye fundi wa nondo, mtu mzima. Msumari uliwahi kumpenya unyayo, akauliza tu kama kiatu kinashoneka. Huyo alikaa juu ya mfuko wa saruji akalia kwa wimbo wako wa sita, ambao kwa asili ni wimbo wa kushangilia mpira. Tulipomuuliza kinachomliza akasema hajui, labda timu. Bonge akamwambia, "Kaka, timu yako ilishavunjwa." Akalia upya.

4. Hili ndilo lililonifanya ninunue bahasha. Ule wimbo wa nne ndio tulioingilia ukumbini mimi na mke wangu siku ya harusi. Ulikuwa na tarumbeta za kuamsha mtaa. Sote tulijua kiitikio tu. Maneno mengine yalikuwa yamelala chini ya tarumbeta, na yalikuwa salama huko. Wewe umeondoa tarumbeta, ukabaki na kinanda na pumzi zako. Sasa maneno yanasikika, moja moja. Kumbe ni mwanamume anayemuaga mkewe, anasema atarudi mvua zikikatika. Ubeti wa pili mvua zimekatika, anasema mavuno. Ubeti wa tatu yeye hayumo, anaimba mke peke yake.

Mke wangu ni fundi cherehani, na redio haizimwi kibandani kwake. Ameusikia. Alinipigia akaniuliza, kwa upole ambao siupendi, "Baba watoto, hivi siku ile tulicheza nini?" Mimi nami nilishamwambia nitarudi tukimaliza msingi. Kisha tukimaliza ghorofa ya pili. Amesema nisimpigie tena mpaka niwe na tarehe mdomoni. Dada, nilikuwa na ndoa tulivu kabisa kwa msaada wa tarumbeta.

Kwa hiyo naomba uzirudishe. Hilo likishindikana, umwandikie mke wangu kwamba mtu wa kwenye wimbo si mimi, ni wa kutungwa. Na hilo nalo likishindikana, jalada la albamu liandikwe kwamba haifai kusikilizwa na wake wa watu walio kazini mbali. Dawa za hospitali huandikwa maonyo, na wewe unaingia ndani kuliko dawa.

Nisalimie mpiga kinanda. Nisalimie na mpiga ngoma, ambaye naona humchoshi. Wale wa tarumbeta wape pole zetu. Tunajua uchungu wa kuambiwa kesho usije. Bonge anakusalimu kupita kiasi.

Mlalamikaji wako, kwa niaba ya ngazi nzima,
Saidia fundi

Nyongeza, Jumatatu: Nilimpelekea msimamizi barua hii aweke sahihi ya ushahidi. Akasema hawezi kushuhudia wimbo ambao hajausikia mpaka mwisho. Bonge akamwekea. Tukasimama, makarai chini. Ulipofika ubeti wa tatu msimamizi akatazama viatu vyake, halafu akaniuliza, "Mkeo umemwambia utarudi lini?" Nikaanza kusema tukishamaliza paa. Akasema paa halijaoa, niende mwisho wa mwezi, na sahihi hatoi. Basi tarumbeta usizirudishe, acha hivyo hivyo. Nimempigia mke wangu, akapokea simu ilipoita mara moja. Ninatarajia kufika nyumbani Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, asubuhi, kabla hajafungua kibanda.