Yah: Mawingu Matatu Yaliyopigwa Picha Chidulamo

Kamati ya Ukame,
Kijiji cha Chidulamo,
Wilaya ya Chemba.
14 Julai

Mwenyekiti,
Umoja wa Wapiga Picha wa Chang'ombe,
Dodoma.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakuandikia nikiwa mzima, ingawa mkanda wangu sasa naufunga kwenye tundu nililolitoboa mwenyewe kwa msumari. Natumaini wewe na wanachama wako hamjambo, na kamera zenu pia hazijambo.

Naitwa Obedi Chibago, katibu wa kamati iliyotajwa hapo juu. Naleta malalamiko juu ya kifaa kinachotumiwa na mwanachama wako Evelina, mwenye studio huko kwenu Chang'ombe. Evelina ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na nampenda sana. Kwa hiyo ieleweke tangu mwanzo kwamba simshitaki yeye. Naishitaki filta yake.

Mvua ilitukatikia mwishoni mwa Januari, mtama ukiwa umefika magotini. Kufika Aprili hapakuwa na mtu aliyevuna cha kujaza hata ungo. Tukaliandikia Shirika la Shibe ya Kati, ambalo hugawa mahindi kwa vijiji vilivyokosa mavuno, nalo likatujibu kwa upole kwamba tuambatanishe picha inayoonyesha hali halisi. Nikapiga kwa simu yangu, saa saba mchana, nikaituma. Wakairudisha wakisema haionyeshi kitu. Na kweli haikuonyesha. Mbingu zilikuwa nyeupe, shamba jeupe, na ng'ombe wa Mzee Sila aliyesimama katikati naye alikuwa mweupe. Ilikuwa kana kwamba nimepiga picha unga, kitu ambacho hatukuwa nacho.

Ndipo nikampigia simu Evelina. Alikuja kwa basi mwezi wa tano, na kamera yake begani, na ndani ya kijimfuko cha ngozi alikuwa na hiyo filta. Aliiita polaraiza. Ni kioo cha duara, cheusi kidogo kama miwani ya jua, chenye pete inayozunguka. Nayaandika hapa maelezo aliyoipa kamati, ili Umoja usije ukasema tulikitumia kifaa kinyume cha taratibu.

Alisema kwanza husoma namba iliyo mdomoni mwa lenzi. Ya kwake ni sabini na saba, na filta ya namba nyingine ama haiingii ama inadondoka mchangani. Alisema ya kwanza aliyonunua ilikuwa rahisi, ikawatia maharusi wote meno ya manjano, akaiacha. Hii ya pili aliipima dukani kwa kuielekeza kwenye kioo cha simu na kuizungusha. Kioo kilipokuwa cheusi kabisa, akajua ni yenyewe. Alisema jua usiliweke kisogoni wala usoni, liweke begani. Mkono utulie, kwa sababu filta hupunguza mwanga. Kisha unazungusha pete polepole, na ule mng'ao unaofunika vitu unaondoka.

"Zungusha mpaka moyo uridhike, mjomba," aliniambia.

Ndugu Mwenyekiti, hakusema moyo wa nani.

Nilipochungulia na kuzungusha, mbingu za Chidulamo ziligeuka buluu kama kitambaa cha sare kabla hakijafuliwa. Juu ya kilima yakasimama mawingu matatu, manene, meupe, ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuyaona, wala hatuna hakika yalitokea lini. Ua wa minyaa, ambao huwa kijani hata watu wakifa, ulikuwa kijani mpaka ukakaribia kutoa sauti. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Hashimu, alipochungulia alivua kofia. Picha ikapigwa. Picha ikatumwa. Yaliyofuata nayaorodhesha:

1. Shirika la Shibe ya Kati lilijibu kwa siku tatu tu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Lilitupongeza. Lilisema limefurahishwa na jinsi tulivyotunza uoto wa asili, na kwamba mawingu yale yanatia moyo. Hawakuleta mahindi. Walileta cheti cha Kijiji cha Mfano, kikiwa ndani ya fremu, pamoja na ombi kwamba tuvifikirie vijiji jirani ambavyo havikujaliwa kama sisi, hasa kwa upande wa mbegu. Cheti tumekitundika ofisini. Kimeandikwa vizuri sana.

2. Shirika liliisambaza picha hiyo kwenye simu za watu. Wiki mbili baadaye akaingia mfugaji aitwaye Abeli, ametoka upande wa Kiteto kwa miguu siku nne, na ng'ombe mia moja na arobaini. Alinikuta mlangoni mwa ofisi. Alisalimia vizuri, akanionyesha simu yake, akasema, "Mzee, naulizia hapa mahali."

Nikamwambia ndipo hapa.

"Hapana mzee. Hapa." Akagonga kioo cha simu kwa kidole.

Nikamwambia ndipo hapa. Akainua simu, akailinganisha na kilima. Akapiga hatua kumi kulia, akailinganisha tena. Akageuka akawatazama ng'ombe wake kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta namna ya kuwaeleza. Nilimwonea huruma, lakini huruma haizuii ng'ombe. Ndani ya siku moja walimaliza maji ya visima vyetu vya mchangani, na kabla hawajaondoka walikula nyasi za paa la jiko la Paulina, jirani yangu, upande mmoja wote. Paulina sasa anapikia juani. Anasema haimsumbui sana, maana hana cha kupika.

3. Wanakijiji wenyewe wameanza kuiamini picha kuliko macho yao. Mzee Sila, ambaye ana miaka sabini na minane na alikuwa mtu makini, aliibandika ukutani, kisha akaziba dirisha lililo karibu nayo kwa matofali, akisema dirisha linampotosha. Mwezi wa sita, kiangazi kikiwa kimeshika kabisa, alichukua debe lake la mwisho la mbegu ya uwele akaenda kupanda. Nilimkimbilia shambani. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Mvua hakuna mpaka Desemba." Akanijibu, "Marahaba. Wewe ni katibu wa ukame, lazima useme hivyo." Mbegu zimeliwa na kanga. Kanga nao wameondoka.

4. Mke wangu Ruthu alijipaka mafuta usoni kwa ajili ya picha ile, ili ang'ae. Filta iliuondoa mng'ao wote. Katika picha ameonekana mkavu kama ubao, wakati ua wa minyaa nyuma yake unameremeta. Hili si la kamati, ni la nyumbani kwangu, lakini nimeona nilitaje kwa sababu linaendelea.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Wiki iliyopita Shirika lilileta wageni tisa kutoka vijiji vingine, waje kujifunza kwetu. Walikuja na madaftari mapya. Evelina naye alikodiwa kuja kupiga picha za ziara. Kamati ilikaa kikao cha dharura nyuma ya ofisi. Tungeweza kusema ukweli, na hilo lilijadiliwa. Lakini Mzee Hashimu alisema watu hawa wametoka mbali, na si adabu ya Mgogo kumwambia mgeni kwamba alichofuata hakipo. Akaenda akaichomoa filta kwenye kamera ya Evelina.

"Babu, hiyo si miwani," Evelina alimwambia.

Mzee Hashimu akamjibu kwamba kijijini kila kitu kina matumizi mengine.

Tukawapanga wageni kwa mstari, jua likiwa mabegani mwao, tukawa tunawapa filta mmoja baada ya mwingine. Kazi ya kuizungusha nilipewa mimi. Kila mgeni alichungulia, akaguna kwa kuridhika, akaandika daftarini. Mmoja aliuliza mbinu tuliyotumia. Nikasema ni kuzungusha taratibu.

Wa mwisho alikuwa ofisa wa Shirika lenyewe, mama mmoja aitwaye Swaumu. Alichungulia. Akaishusha filta akatazama kwa macho yake. Akaipandisha. Akaishusha. Kisha akanirudishia, akamwendea Loisi, mama wa watoto wanne, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake.

"Mama, leo mmepika nini?"

Loisi alimtazama Mzee Hashimu. Mzee Hashimu akanitazama mimi. Nami, kwa kuwa ndiye katibu, nikajibu, "Tumekula, tunamshukuru Mungu."

Ndugu Mwenyekiti, nyumbani kwa Loisi walikuwa wamekula mlenda mtupu, bila ugali, kwa siku ya tatu. Aliingia ndani akafunga mlango. Aliufunga taratibu kabisa, na tangu nizaliwe sijasikia mlango uliofungwa kwa kishindo kama ule. Lawama za jambo hilo naziweka juu ya filta, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi mwangu nilipokuwa nasema uongo.

Kutokana na hayo, kamati inaomba mambo yafuatayo, na tumejitahidi yawe ya wastani.

Kwanza, filta za aina hii ziandikishwe kama bunduki. Mwenye nayo asiruhusiwe kuiingiza katika kijiji ambacho mvua haijanyesha, isipokuwa ameifungia kwenye sanduku na ufunguo ameukabidhi kwa mtendaji.

Pili, kila picha iliyopigwa kwa polaraiza iandikwe pembeni kwamba pete ilizungushwa kiasi gani, kwa mkono wa nani, na moyo wa nani uliridhika.

Tatu, endapo Umoja utaona hayo mawili hayawezekani, basi Umoja utuletee yale mawingu matatu. Ni ya kwetu. Yamepigwa picha juu ya kilima chetu, ushahidi upo, na Shirika limekwisha kuyakubali kwa maandishi. Hatuna choyo. Tutaridhika hata na moja, lile la katikati lenye tumbo jeusi. Mawili yatakayobaki Umoja unaweza kuyatumia kwenye picha za harusi.

Nategemea majibu yako kabla ya msimu wa kupanda. Nisalimie wanachama wote wa Umoja, wasalimie wenye studio za pasipoti ambao hawajatudhuru, na umsalimie mama mwenye nyumba anayompangisha Evelina, tunasikia ni mtu mwema. Mzee Hashimu anasalimu. Mzee Sila anasalimu akiwa gizani. Paulina anasalimu kutoka juani.

Ni mimi, mwenye njaa lakini mwenye adabu,

Obedi Chibago
Katibu

Baada ya kusaini: Barua hii imekaa wiki mbili ikisubiri mtu wa kwenda Dodoma. Katika muda huo mke wangu ameisoma, na amesema haitoki nyumbani mwake mpaka niongeze ukweli ufuatao.

Siku ile ya mwezi wa tano Evelina hakupiga picha moja. Alipiga arobaini, zote kwa filta ileile. Iko ya mabua ya mtama, unaweza kuyahesabu moja moja. Iko ya Loisi na watoto wake. Na iko ya lambo la ng'ombe. Ukilitazama lambo lile kwa macho, au kwa simu yangu, jua linaling'arisha mpaka unadhani ni bwawa la Mtera. Lakini Evelina alizungusha pete yake mpaka mng'ao ukatoka juu ya maji, na chini yake ikaonekana tope, na alama za kwato, na kwamba maji yenyewe hayafiki kifundo cha mguu. Kamati ilizipitia zote. Tuliona zinatuaibisha. Evelina alisema, "Mjomba, hii ya mawingu ni nzuri, ila ya lambo ndiyo ya kweli," nami nikamwambia atuachie kazi za kamati. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wangu.

Siku wageni walipoondoka, Loisi alimfuata Evelina kituo cha basi akamwomba aonyeshe ukweli, na Evelina akampelekea Swaumu ile picha ya lambo. Lori la mahindi limefika leo asubuhi. Ninapoandika mistari hii magunia yanashushwa, na Ruthu ananiita nikabebe.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, barua yangu yote hapo juu naomba uisome kwa upande mwingine. Jumamosi Evelina anakuja kupiga picha watu wakila. Nimemwomba asisahau filta. Safari hii, picha ya kutuma atachagua mwenyewe.