Povu Kuu Yazinduliwa Mbele ya Mawakala

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Makamu wa Mwenyekiti, Makamu wa Makamu ambaye yuko njiani, wakuu wa idara na wa vitengo vilivyomo ndani ya idara, mawakala wa jumla, wenye maduka, mabibi na mabwana, povu! (Watu watatu: "Juu!") Povu! (Wawili.)

Nikiwa Mkurugenzi wa Masoko, Mikakati na Mahusiano ya Chaneli za Usambazaji, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao, kwa mujibu wa utafiti wetu wa ndani, umeongezeka kwa asilimia arobaini, kuwathibitishia kwamba tangu tubandike mabango ya sabuni ya Povu Kuu hadi kwenye milango ya vyoo vya stendi, hakuna mteja asiyeiulizia, na huo, ndugu zangu, ndio mkakati shirikishi wa kumvuta mteja ili naye amsukume wakala. (Mama mwenye duka la jumla, kutoka nyuma: "Kunisukuma amenisukuma kweli! Juzi nusura anipige, anadai naificha!") Asante, mama. Hayo ndiyo mahusiano hai. (Kicheko.)

(Mama anasimama. "Mkurugenzi, mlisema tuache sabuni za wengine ndipo tuwe washirika. Nikaacha. Huu ni mwezi wa saba tangu rafu zangu zikae tupu, na wateja niliowalea miaka kumi na miwili wamehamia kwa jirani. Mzigo unakuja lini?" Makofi marefu.)

Makofi hayo nayapokea. Swali ni zuri, na zuri zaidi ni kwamba hatujapata lalamiko hata moja kuhusu ubora: haijamwasha mtu ngozi, haijafifisha nguo, haijalowa ghalani. Kampuni gani nyingine inaweza kusema hivyo?

Namalizia kwa kumshukuru mchoraji wetu, aliyeichora sabuni hii kwa ustadi hata mimi nikaenda kuomba kipande nikanawe, ndipo nikaelezwa kuwa kiwanda kiko kwenye awamu ya kutafutiwa kiwanja. (Viti vinaburuzwa. Mawakala wanaelekea mlangoni.) Naona mmehamasika! Hiyo ndiyo kasi ya usambazaji! (Mama, akiwa mlangoni: "Basi tufuatane dukani, ukawaambie wateja wangu hayo kwa mdomo wako.") Ratiba hairuhusu, mama. Asanteni sana. Mshirika kwanza, sabuni baadaye! Povu!

(Ukumbi mtupu. Mkurugenzi, mwenyewe: "Juu!")